Mfaransa Huhesabu Kutoka Nyuma

Alhamisi moja ya Desemba, yapata saa kumi alasiri, niliiongezea Ziwa, kwetu Uasin Gishu, maziwa manne. Sisemi maziwa ya kunywa. Hayo tunayo tele, na kila asubuhi pikipiki huyabeba kwa mitungi kuelekea Eldoret. Nasema maziwa ya maji. Kila moja lilikuwa na upana wa kidole gumba, na yote manne yalikuwa ndani ya injini ya gari la marehemu baba, Peugeot 404 ya mwaka 1969. Siku mbili baadaye gari hilo lilitakiwa kumpeleka bibi harusi kanisani.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu litaniumbua baadaye.

Hilo gari, ambalo Ziwa nzima huliita Pijo, baba alilinunua mkono wa pili mwaka 1978, baada ya mavuno mazuri ya mahindi na ugomvi mkubwa na mama. Mama alitaka mabati. Baba alijitetea kwa mbio za magari za Safari Rally. Alikariri miaka kama mtu anayekariri aya: 1963, 1966, 1967, 1968, mara nne 404 imeshinda. Mwaka 1963 mvua ilinyesha mpaka yakamaliza magari saba tu, na mbele yao wote alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Mwaka 1968 mvua ikarudi, yakamaliza saba tena, na wa kwanza akawa Nowicki yuleyule, gari lilelile. “Gari lililopita matope yale,” baba alisema, “litashindwa na barabara ya Ziwa?” Hakusema lolote kuhusu mpira wa maji mikononi mwa mwanawe.

Mama alinyamaza, akaezekewa mabati miaka minne baadaye, na tangu hapo gari akaliita “mke mwenza”. Alikuwa na sababu. Baba aliliamkia kabla ya kumwamkia yeye. Alilifunika usiku wa baridi kwa blanketi lililokuwa zuri kuliko letu. Gia yake iko kwenye usukani, namba yake ni ya zamani, ile isiyo na herufi ya mwisho, na injini yake imelazwa upande, digrii arobaini na tano, kama mzee aliyeegemea kiti baada ya ugali. Baba alipofariki tuligawana shamba kwa amani. Gari nilipewa mimi bila mtu kunipinga, na ningepaswa kushuku.

Sasa harusi. Anayeolewa alikuwa binti wa dada yangu. Kwa Wakalenjin mjomba wa upande wa mama si mtu wa kukaa viti vya nyuma. Tena kwa lugha yetu huitwa mama, jambo ambalo limewahi kumfanya mgeni mmoja kutoka Mombasa anitazame masharubu kwa muda mrefu. Mpwa wangu alikuwa amekataa magari meupe ya kukodi kutoka mjini. “Mama,” aliniambia, yaani mimi, “nataka gari la kugo,” yaani la babu yake. Machozi yalinilenga. Nikaahidi mbele ya mashahidi.

Wiki hiyo tulikuwa tumeita mashine ya kupukuchua mahindi. Aliyewahi kuwa karibu na mashine hiyo anajua: magunia yakijaa, na macho hujaa, na masikio, na uji. Makapi na vumbi jekundu vililifuata gari mpaka chini ya boneti. Kulisafisha nje kungetosha kabisa. Lakini mimi nilikuwa na picha kichwani, ya bwana harusi akifungua boneti kwa heshima na wazee wakiona injini inayong’aa. Sijui bwana harusi gani hufungua boneti siku ya harusi yake. Nikachukua mpira, nikafungulia maji yote, nikaipa injini ubatizo wa kuzamisha.

Mama alipita na ndoo akasimama. “Baba yako,” alisema, “hapo kwenye kile kidude cheusi alikuwa akikifunika mfuko wa nailoni.”

“Mifuko ya nailoni serikali ilishapiga marufuku, tangu Agosti 2017,” nilimjibu, raia mtiifu.

“Haya,” akasema mama, akaenda zake. Katika Kiswahili cha mama, “haya” ni hukumu, na haina rufaa.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Uasin Gishu ikiwa imeshika kila chuma, niliketi kwenye usukani, nikavuta choki kama baba alivyonifundisha, nikapiga stata. Injini ilizunguka vizuri, tena kwa bidii: wu-wu-wu-wu. Haikuwaka. Nikapumzika, nikajaribu tena. Wu-wu-wu-wu. Nikaomba, nikajaribu. Baada ya mara ya kumi ule mlio ulianza kuchoka na kurefuka, wuuu, wuuuu, kama mtu anayeamshwa akavuta blanketi.

Gari likikataa kuwaka Nairobi, wapita njia hukupigia honi. Likikataa kuwaka Ziwa, wapita njia hutundika makoti. Kufikia saa mbili nilikuwa na wataalamu tisa uani, wote wakinywa chai yangu.

Jirani mwenye trekta alisema ni betri. Nikamwambia injini inazunguka, maana yake betri inafanya kazi. Akasema inazunguka, lakini haizunguki kwa moyo. Shemeji alisema ni petroli. Alichomoa mpira wa kabureta, akaunusa, akaunyonya, akameza. Kwa saa nzima tulithibitisha kwamba petroli ilikuwepo, kwa sababu kila alipocheua wavutaji sigara walisogea mbali. Fundi wa baiskeli akasema ni plagi, akachomoa moja kwa tabu kutoka kwenye shimo lake refu, akaitazama mbele ya jua, akasema “aha”, akairudisha. Hatukujua ile “aha” ilikuwa ya nini. Ila niliona plagi ilitoka ikidondosha maji, nami sikumwambia mtu. Hilo ndilo kosa langu la pili, na katika hesabu ya makosa nadhani ndilo kubwa.

Vijana wa boda boda hawakuwa na nadharia. Walikuwa na nguvu. Wakasema gari husukumwa. Shamba letu ni tambarare kama meza, kwa hiyo walisukuma kutoka ghalani hadi barabarani, kisha kutoka barabarani hadi ghalani, mimi nikiachia klachi na gari likiruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Mara nne. Kwa kila safari mmoja wao aliuliza kama nimewasha swichi. Nilikuwa nimewasha, isipokuwa mara ya kwanza.

Senge, yaani shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameketi kivulini akitutazama kama mtu anayetazama watoto wakitafuta kilicho mkononi mwake. Alisema gari lina afya. Tatizo, alisema, mwenye gari hajaambiwa kuna harusi. Tukatazamana. Kwa kweli hakuna aliyekuwa amekwenda kaburini kumwarifu. Mama akajifuta mikono, akaenda moja kwa moja mbele ya gari, ambako simba wa Peugeot amesimama kwenye wavu, akamwambia kwa sauti ya kawaida: “Mke mwenza, kesho mjukuu wetu anaolewa. Mimi sikukuaibisha miaka yote hii. Nawe usiniaibishe.” Pakawa kimya. Nikapiga stata. Wuuuu.

“Amesikia,” alisema senge. “Anafikiria.”

Saa tano alifika fundi kijana, binamu wa mtu fulani, aliyehitimu majuzi. Alikuja na overoli isiyo na doa na kompyuta ndogo yenye waya. Alilala chini ya usukani akitafuta mahali pa kuchomeka. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia, akafungua kisanduku cha glavu, akakuta miwani ya baba na risiti ya mbolea. “Mwalimu,” aliniuliza akiwa bado chini, “hili gari linaeleza vipi shida zake?” Nikamwambia halielezi, ni la kizazi kile. Alitoka akiwa amekasirika kama daktari aliyeletewa mgonjwa asiyetaka kutoa ulimi. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayokariri kila ugonjwa kwa namba. Hili letu lina akili moja tu, ya yule anayeliendesha, na siku hiyo akili yenyewe ilikuwa yangu.

Niseme kidogo jinsi cheche inavyosafiri, kwa sababu bila hilo aibu yangu haitaeleweka vizuri. Sisi ni watu wa riadha, kwa hiyo chukua mbio za kupokezana kijiti. Betri ndiyo mkimbiaji wa kwanza; ana volti 12 tu, hawezi kumshtua hata kuku. Anampa koili. Koili ni bingwa wa mwinuko: anapokea volti hizo chache na kuzipandisha kuwa maelfu kwa maelfu. Lakini koili hapandishi mpaka ashtuliwe, na wa kumshtua ni pointi, vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distribyuta vinavyogusana na kuachana. Kila vinapoachana, koili hutupa kijiti. Kando yao yupo kondensa, ambaye kazi yake ni kuzuia pointi zisiungue kwa moto wao wenyewe. Kisha rota, kama mama anayegawa chai, huzunguka chini ya kofia nyeusi akimpa kila plagi zamu yake. Gari lenye silinda nne likizunguka mara 3,000 kwa dakika, kijiti hicho hupokezwa mara mia moja kwa kila sekunde. Mmoja akiteleza, wote wamepoteza.

Kidude cheusi alichokuwa akikifunika baba ndicho hicho, distribyuta. Na umeme wa maelfu ya volti ukikuta maji, haupiti njia ndefu ya kwenda kwenye plagi. Hushuka hapohapo, kama abiria wa matatu aliyeona nyumba ya shemeji.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma. Ndiyo maana jioni, wataalamu walipokwisha kuondoka na mabaki ya chai, niliamua kuitibu injini peke yangu, gizani, kama mwizi anayerudisha kuku. Nilifungua kofia ya distribyuta. Ndani ilikuwa imetoka jasho. Nikachomoa waya zote nne za plagi kwa pamoja. Nilikuwa nimepanga kuzikausha kwa mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele, lakini stima ilipotea saa moja na dakika kumi, kama kawaida yake inapoona mtu ana haja. Nikazipanga kando ya jiko la makaa. Mke wangu alikuta waya nne na kofia nyeusi zikiota moto karibu na sufuria ya mboga. Akaniuliza kama nitazila na ugali au na wali.

Nikayakausha yale maziwa manne ya kwenye mashimo ya plagi pia, kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mwiko. Kazi safi. Kisha ikabaki kurudisha waya, na hapo ndipo mwalimu wa hesabu alipojitokeza.

Baba aliacha kitabu cha gari. Kiko kwa Kifaransa, lugha ambayo naijua kiasi cha kutambua kwamba ni Kifaransa. Lakini tarakimu hazina kabila. Niliona mpangilio wa kuwasha silinda umeandikwa wazi: 1-3-4-2. Kando yake palikuwa na maneno mawili matatu ambayo niliyaacha, kama wanafunzi wangu wanavyoacha maelezo na kukimbilia swali. Nikasimama mbele ya gari, nikahesabu silinda kutoka mbele kwenda nyuma, moja, mbili, tatu, nne, nikachomeka waya kwa mpangilio, nikazihakiki mara mbili kwa tochi ya simu. Nikapiga stata. Betri ikatoa “tik” moja, ikalala. Tulikuwa tumeimaliza tangu asubuhi. Nikajiambia dawa nimeshampa mgonjwa, amebakiza nguvu tu.

Jumamosi saa mbili asubuhi bibi harusi alikuwa tayari, mweupe kama povu la mursik, maziwa yetu ya mgando, na gari lilikuwa tayari, lenye riboni na maua, linang’aa mpaka kwenye injini. Kitu kimoja tu hakikuwa tayari. Jirani mwenye trekta hakusema “niliwaambia”. Alikwenda kwake akarudi na Massey Ferguson nyekundu, akashuka na kamba ya kufungia ng’ombe. Mpwa wangu aliitazama kamba, akanitazama mimi, akavua mojawapo ya riboni zake akaizungusha kwenye kamba. Wasichana wetu hawafundishwi kulia mbele ya watu.

Ndivyo tulivyokwenda. Trekta mbele, kamba yenye riboni, kisha 404 ikiteleza kimya, mimi kwenye usukani nikikanyaga breki kama mtu anayezuia ukuta usianguke, bibi harusi nyuma akipunga mkono. Barabarani watu walitoka madukani. Wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna aliyecheka. Nilimsikia kijana akimwambia mwenzake kwamba huo ndio mtindo siku hizi, kwamba ameuona Eldoret wiki iliyopita. Hakuuona popote. Lakini nilimpenda sana.

Kanisani tulimkuta mzee mmoja amekaa kwenye jiwe chini ya mti, koti refu, kofia ya sufi, kimkoba cha ngozi miguuni. Alikuwa ameshushwa na boda boda. Aliwahi kufanya kazi gereji mjini miaka ya sabini, na ndiye aliyekuwa fundi wa baba. Mama alikuwa amempigia simu Ijumaa usiku.

“Mbona hukutuambia mapema kwamba yupo?” nilimuuliza mama.

“Hamkuniuliza,” alisema, akaingia kanisani na wageni wake.

“Chamgei,” nilimwamkia mzee.

“Chamgei mising,” alijibu, lakini alikuwa akiliamkia gari. Akalizunguka mara moja. Akafungua boneti, akatazama ile injini iliyong’aa, kisha akanitazama mimi, tena akaitazama injini. Hakuuliza. Nilitamani aulize.

Ibada ilianza. Mimi nilipaswa kuwa ndani, kiti cha mbele, lakini sherehe ingeisha na maharusi wangehitaji kutoka, na mjomba aliyewafikisha kwa kamba alikuwa ameapa hatawarudisha kwa kamba. Nilibaki nje. Spika ya kanisa ilikuwa imefungwa juu ya mlango, kwa hiyo neno la Mungu lilitufikia mimi, mzee, dereva wa trekta na mbuzi wawili.

Mzee hakugusa plagi. Hakugusa petroli. Alichomoa waya mmoja tu, ule mnene unaotoka kwenye koili kuingia katikati ya kofia, akaushikilia kwa kitambaa kikavu karibu na chuma, akamwambia dereva wa trekta azungushe ile hendeli ya mbele. Maana 404 ina tundu la hendeli, na hendeli yenyewe ilikuwa chini ya kiti tangu enzi za baba. Siku mbili nimeikalia. Dereva akazungusha. Hakuna cheche. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Hapa hajatoka hata nyumbani,” alisema.

Kwa dakika moja alikuwa ameondoa nusu ya nadharia za Ziwa. Kama koili haitoi cheche, usihangaike na wakimbiaji wa mwisho. Kijiti kimeanguka mwanzoni. Akafungua kofia, akanivuta bega nione. Pointi zilikuwa na utando wa kijivu, maji yangu na grisi vilivyopikwa pamoja kwa stata ya siku nzima. Akatoa kipande cha msasa, akazisugua mara tatu, akazipangusa. Kisha akasimama, akapapasa mifuko. “Nimesahau kipimo,” alisema. Pointi zikiachana kupita kiasi, au kidogo mno, cheche hudhoofika. Nafasi inayotakiwa ni kama milimita 0.4. Akaninyooshea mkono. “Una kadi ya harusi?”

Nilikuwa nayo. Kadi ya mwaliko, nzito, dhahabu pembeni, imechapishwa Eldoret. Akaipenyeza kati ya pointi, akafungua skrubu, akasogeza kwa bisibisi mpaka kadi ikatoka kwa ugumu kidogo, kama barua kutoka bahasha iliyobana. “Kadi nzuri,” alisema. “Ya mwaka jana ya kwa fulani ilikuwa nyembamba.”

Dereva akazungusha hendeli. Kwenye ncha ya waya ikalia cheche: nene, ya buluu, tak! Nilisikia moyo wangu ukiwaka kabla ya gari.

Tukaunganisha betri ya trekta. Mzee akarudisha kila kitu, akaniashiria niingie. Kwenye spika mchungaji alikuwa amefika pale pa hatari. “Kama yupo mtu,” alisema, “anayejua sababu yoyote ya hawa wawili kutofunga ndoa, aseme sasa, au anyamaze milele.”

Mzee alitikisa kichwa kunipa ruhusa. Nikapiga stata.

PAA!

Kabureta ilipiga chafya ya moto, mbuzi wakapotea, ndege wote wa mti ule wakahamia Kipsomba. Kwenye spika palikuwa kimya. Kimya kirefu. Kisha nikasikia kitu kama benchi likisogezwa. Mlango wa kanisa ukafunguka kidogo, akatoka mzee wa kanisa mwenye tai, akaja kwa hatua za adabu mpaka kwenye dirisha langu.

“Mwalimu,” alisema kwa sauti ya chini, “mchungaji anauliza kama pingamizi ni hilo tu.”

Nikamwambia ni hilo tu. Akarudi ndani. Ibada ikaendelea, na nasikia bwana harusi alisema “ndiyo” kwa haraka ambayo haijawahi kuonekana katika kanisa lile.

Mzee alikuwa ameegemea bawa la gari. Kwa mara ya kwanza aliniuliza swali kuhusu gari lenyewe.

“Nani aliligusa mara ya mwisho?”

“Fundi wa baiskeli alichomoa plagi,” nilisema. “Na shemeji alichomoa…”

“Mara ya mwisho.”

“Mimi.”

“Ukagusa nini?”

“Waya za plagi. Lakini nilizirudisha sawa. Moja, tatu, nne, mbili. Niliangalia kitabu.”

“Moja iko wapi?”

Nikamwonyesha silinda ya mbele.

“Kwa nini hiyo?”

Nimefundisha hesabu miaka ishirini na miwili. Nimewahi kuulizwa kwa nini hasi mara hasi ni chanya, nikajibu. Hilo sikuwa na jibu lake. Moja iko mbele kwa sababu moja iko mbele.

“Mfaransa,” alisema mzee, akichomoa waya wa kwanza, “huhesabu kutoka nyuma.”

Ndivyo ilivyo. Kwenye injini hizi za Peugeot silinda ya kwanza ni ile ya mwisho, upande wa gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Na ubaya wake ni huu: kwa bahati ya namba, 1-3-4-2 ukiihesabu kutoka mbele au kutoka nyuma, foleni ni ileile. Hakuna plagi iliyoruka zamu yake. Ila kila cheche ilifika mzunguko mzima wa injini nje ya wakati wake, wakati vali ya kuingizia hewa na petroli iko wazi, ndipo moto ukapata njia ya kurudi juu kwenye kabureta. Nilikuwa kama mtu aliyewapanga wageni wa harusi vizuri sana, wazee mbele na vijana nyuma, akawaleta Jumapili.

Mzee alihamisha kila waya matundu mawili mbele. Dakika mbili, pamoja na kupumua. Akaniashiria. Nikagusa stata tu, sikuipiga, nikaigusa, na gari likawaka kwa ule mngurumo wa chini niliokuwa nikiusikia kitandani nikiwa mtoto, baba akienda kupeleka maziwa. Senge alichungulia mlangoni mwa kanisa. “Amemaliza kufikiria,” alisema.

Januari shule zilipofunguliwa nilimwonyesha mwenzangu anayefundisha Kifaransa yale maneno niliyoyaruka. Akasoma: silinda ya kwanza, upande wa volant. Neno hilo, alinieleza, ndilo gurudumu zito la injini, na neno hilohilo ndilo usukani. Nikakaa chini. Usukani nao uko nyuma ya injini. Yaani hata kama ningeyasoma maneno yale na kuyaelewa vibaya, ningehesabu vizuri.

Mzee nilimlipa, ingawa alikubali nusu tu na kipande cha keki. Kabla ya kupanda boda boda alinifundisha kazi yake yote kwa sentensi moja: kilichoguswa mwisho ndicho hukaguliwa kwanza. Sisi siku nzima ya Ijumaa tulikuwa tumeanzia mbele, kwa betri, kwa petroli, kwa marehemu, kwa kompyuta. Kumbe ungerudi nyuma hatua moja tu kutoka gari lilipokataa kuwaka, ungekutana na mwanamume ameshika mpira wa maji, na mama yake amesimama na ndoo akimshauri.

Wiki mbili baada ya harusi walikuja wageni wawili kutoka Segero, baba na mwana, wakanywa chai, wakasifu mahindi, hatimaye wakafika kwenye jambo lao. Kijana ana harusi Aprili. Wameona video. Wanataka kukodi.

Nikatoka nao mpaka ghalani, nikawasha gari mbele yao. Liliitika mara ya kwanza. Nilisimama kando nikisubiri sifa.

Wakatazamana. Baba akakohoa.

“Mwalimu,” alisema, “gari ni zuri. Lakini sisi tulikuwa tunataka lile la trekta.”

“Lile ni hili,” nilisema. “Sasa linawaka.”

“Ndiyo,” alisema kijana kwa upole, kama anayenipa pole. “Haliwezi kuja likiwa limezimwa?”

Nikazima injini. Nikawapigia hesabu papo hapo: kwanza trekta, kisha kamba, kisha riboni, na gari nikaliweka mwisho. Siku hizi nahesabu kutoka nyuma.